Kisanduku Alichokiacha Kitupu Mama Mkubwa

Kiembe Samaki, baada ya Alasiri

Mwanangu Ilham,

Amani ikufikie ulipo, na ikukute umekaa. Barua hii isome leo, ukisharudi, kabla hujalala. Usiitie mkobani ukasema utaifungua ukifika Nairobi. Huko itakuwa imechelewa, na mimi nimeshachelewa miaka sita.

Hivi sasa umekwenda mjini na baba yako kuaga jamaa. Nimekaa kitandani kwako. Dirisha liko wazi, upepo unaliingiza pazia ndani kisha unalitoa, na kila baada ya muda ndege inapita juu ya paa ikienda kutua, vikombe vinatetema kabatini. Tangu tuhamie Kiembe Samaki nimezoea kuziangalia ndege hizi nikiwa nusu macho nusu usingizini, na sikuwahi kufikiri hata siku moja kwamba moja itakuja kukuchukua wewe. Jikoni Mama yako Mkubwa Zuwena anakaanga visheti vyako vya safari. Namsikia akijisemesha peke yake, anaugombeza moto kwa nini ni mkali.

Sweta, dawa ya kikohozi, namna ya kufunga mlango wa nyumba ya kupanga, hayo sitayasema. Baba yako atayasema njia nzima na uwanjani atayarudia. Mimi nataka kukwambia habari za kikokotoo cha mkopo wa nyumba, kile nilichokiandika mimi, wewe ukakichukua, ukakipamba, ukawapelekea hao wanaokuajiri huko Nairobi nao wakakipenda. Ndani yake mna mstari mmoja ambao ni kosa langu. Mstari huo ndio uliomkosesha Mama Mkubwa nyumba yake. Yeye hajui. Wewe hujui. Mimi ninajua, na nimekaa kimya.

Basi, nimeshaandika. Na jua bado liko pale pale ukutani.

Niache nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitakimbia. Unajua kwamba nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili kule Shangani. Usilolijua ni kwamba masomo ya kupiga chapa alinilipia Da Zuwena. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye ishirini, na cherahani ndiyo iliyotulea. Alikuwa akishona sare za skuli kuanzia asubuhi. Akiniona nimeduwaa dirishani huniita, "Bi Njozi! We, Bi Njozi!" nami huitika, "Naam, Da," hali ya kuwa bado sijarudi nilikokwenda. Hakuwa akikata kitambaa cha mtu mpaka akate gazeti kwanza, amwekee mwenyewe mwilini, amzunguke, aangalie. Nilimcheka. Nilimuuliza mbona anapoteza wakati.

"Gazeti likiharibika nafungia vitumbua," alisema. "Kitambaa cha mtu kikiharibika, nfungie nini?"

Kompyuta ilipoingia ofisini wenzangu waliiogopa. Mimi niliipenda kwa sababu inangoja. Unaweza kuitazama, ukaenda zako kimawazo mpaka Pemba, ukarudi ukaikuta imekaa vile vile haijakununia. Nikajifunza kuandika programu kidogo kidogo, kwa vitabu vya kuazima, wewe ukiwa umelala mapajani kwangu. Wakili alikuwa na wateja wengi wa kununua nyumba kwa mkopo, na kila mmoja alikuwa na swali moja tu: kwa mwezi nitalipa ngapi? Siku moja akanambia, "Bi Rahma, hicho chombo chako hakiwezi kuwajibu hawa watu?" Nikasema kinaweza. Nilisema kabla ya kufikiri, kama kawaida yangu.

Kikokotoo chenyewe unakijua. Kina visanduku vya kujazia: kiasi cha mkopo, riba ya mwaka, muda, na chini kitufe cha kubonyeza. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ilichukua miezi miwili, na katika maisha yangu yote ya kazi sijapata raha kama ya miezi ile miwili.

Siku ya kwanza niliandika pesa kama nilivyoziandika kwenye mikataba maisha yangu yote, 45,000,000/=. Kompyuta ikasoma arubaini na tano, ikafika kwenye koma, ikasimama. Ikanambia kwamba nyumba nimekopeshwa kwa shilingi arubaini na tano na kwa mwezi nilipe senti. Wakili alicheka mpaka akavua miwani. "Niandikie na mimi mbili," akasema. Ndipo nilipojifunza kuziondoa koma, na ule mkwaju, yaani mstari wa mshazari, na alama ya sawasawa, kabla ya hesabu kuanza.

Kisha nikasahau kugawa kwa mia. Riba ya kumi na mbili nikaigawa kwa miezi kumi na miwili, nikapata moja, nikaiacha moja nzima badala ya sehemu moja ya mia. Kikokotoo kikajibu kwamba kila mwezi unalipa bei ya nyumba nzima. Nililitazama jibu lile kwa muda mrefu. Nilimuona mtu ananunua nyumba yake mwezi unapoandama, anatundika mapazia, anapika, analala, na mwezi mwingine ukiandama anaitwa tena aje ainunue. Ndivyo nilivyo mama yako. Badala ya kulitafuta kosa, naliota.

Na siku nyingine mteja alitaka kulipa kwa miaka kumi na miezi sita. Miaka kumi ikageuka miezi mia na ishirini, vizuri. Lakini ile sita kompyuta iliichukua kuwa ni maandishi, si namba ya kujumlisha, ikaibandika ubavuni, ikatoka 1206. Zaidi ya miaka mia ya kulipa! Mteja akauliza kama wajukuu wake watie saini leo hii au wangoje wazaliwe. Baada ya hapo nilianza kuilazimisha kompyuta iseme kila hatua: mkopo nimeusoma hivi, muda nimeusoma hivi, riba ya mwezi nimepata hii. Pembeni nikawa nafanya hesabu ile ile kwa kalamu. Pale tunapoachana, mimi nayo, ndipo penye kosa. Wewe sasa unayaona hayo kuwa ya kitoto, najua, lakini mpaka leo sijaona njia iliyo bora zaidi.

Halafu ikaja sifuri.

Alikuja mzee mmoja aliyekopeshwa pesa za nyumba na ndugu yake, mkopo mwema, bila ya ziada hata ya shilingi. Akajaza visanduku vyake, na kwenye riba akaandika sifuri. Unaijua kanuni ile. Ukiipa sifuri inakwenda kugawa sifuri kwa sifuri, na kwenye kioo yakatokea maneno kwamba jibu si namba. Mzee akayasoma, akanitazama.

"Nami nlijua," akasema. "La halali halina hesabu kwenye mashine zenu."

Niliona haya, Ilham. Alipoondoka nikaandika mstari: riba ikiwa ni sifuri, ugawe mkopo kwa idadi ya miezi, basi. Mstari huo ni sawa na hauna lawama. Lakini nilikuwa nimeshachoka na yale maneno "si namba". Yalikuwa yakinitokea kwa kila kitu, mtu akiandika herufi, mtu akiacha nafasi. Nikaongeza mstari wa pili: chochote usichokielewa katika kisanduku cha riba, na kisanduku chenyewe kikiwa kitupu, kihesabu kuwa ni sifuri. Kikokotoo kikatulia. Hakikulalamika tena. Nilirudi nyumbani siku ile natembea kwa miguu, nimejaa furaha, nimekipita kituo bila ya kukiona.

Huo mstari wa pili ndio ninaousema. Nilikifundisha kikokotoo kunyamaza pale ambapo hakijaelewa.

Sasa Da Zuwena. Alikuwa keshapanga Jang'ombe miaka mingi, chumba kimoja na cherahani mlangoni, na mvua ikinyesha anaihamisha. Akaipata nyumba ya vyumba viwili huko Fuoni. Nyumba ndogo, lakini ina dirisha linalotazama mashariki, na yeye mwanga wa asubuhi ndio kazi yake. Unamjua msimamo wake. Mkopo wa riba hautaki hata kuusikia. Aliuliza huku na huku mpaka akaipata ofisi inayonunua nyumba yenyewe kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, ukalipa kidogo kidogo. Bwana mmoja wa dirishani pale ofisini akamwambia waziwazi kwamba faida yao ni kumi na mbili kwa mia kwa mwaka, na kwamba karatasi ya malipo ya kila mwezi atapewa faili likishakamilika. Lakini mwenye nyumba hakutaka kungoja faili. Alitaka arbuni, pesa ya kuishikia nyumba, na akasema miezi miwili ikipita bila ya ununuzi kukamilika hairudishi.

Basi dada yangu akaja Shangani, kwangu, apate kujua kama ataweza.

Nilikuwa na mkataba wa kurasa ishirini mbele yangu na mawazo yangu yako mbali. Nikamkalisha kwenye kompyuta ya pili. "Jipimie mwenyewe, Da," nikamwambia, "ni rahisi." Akaandika milioni thalathini kwa kidole kimoja. Akaandika miaka kumi. Kisha akasimama.

"Rahma, na hapa palipoandikwa riba?"

"Andika unavyojua, Da," nikasema, uso sikuuinua.

"Mie sina riba," akasema. Alisema taratibu, kwa kuridhika, kama mtu anayethibitisha kwamba mikono yake ni safi. Akakiacha kisanduku kitupu, akabonyeza.

Maneno hayo niliyasikia. Yaliniingia sikioni yakapita, nikaendelea kupiga chapa. Kisanduku nilikiandika RIBA kwa sababu vitabu nilivyojifunzia viliandika hivyo, na haikunijia hata mara moja kwamba atakaa mbele yake mtu ambaye neno lile haligusi, ambaye kwake yeye kukiacha kitupu ndiyo kweli yenyewe. Faida ya ile ofisi hakuwa na mahali pa kuiandika. Kikokotoo hakikumuuliza. Kikakihesabu kisanduku kuwa ni sifuri, kama nilivyokiamrisha, kikagawa, kikampa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi.

Aliisoma kwa sauti mara tatu. Laki mbili na nusu alikuwa akiziweza.

Jioni ile alitupeleka Forodhani, mimi na wewe. Ulikuwa kidato cha pili, bado umevaa sare aliyoishona yeye. Alitununulia mishkaki na maji ya miwa, na kila ulipomaliza gilasi akakuongezea. Alikuwa akizungumzia mapazia. Alikuuliza wewe rangi gani, ukasema ya bahari, akasema mwanangu bahari ina rangi ngapi, chagua moja. Sijapata kumuona dada yangu mzuri kama jioni ile. Siku ya pili yake akaziuza bangili za mama yetu, zile nne, akatoa arbuni.

Karatasi ya malipo ilitoka baada ya mwezi. Laki nne na thalathini elfu na ushei, kila mwezi, kwa miaka kumi. Alikuja nayo hapa kwetu, hakuvua hata viatu.

"Rahma, mbona hivi? Hebu ntazamie weye."

Niliitazama nami sikuelewa. Nikamwambia neno la kumliwaza, "Ndivyo walivyo watu wa mikopo, Da. Leo wanakwambia hivi, kesho vile." Wallahi siku ile nilidhani nasema kweli. Lakini alipoondoka nikakifungua kikokotoo. Nikaandika milioni thalathini, kumi na mbili, miaka kumi. Ikatoka ile ile ya kwenye karatasi, mpaka shilingi ya mwisho. Nikaifuta kumi na mbili, nikakiacha kisanduku kitupu, nikabonyeza. Laki mbili na nusu. Hapo ndipo sauti yake iliponirudia. Mie sina riba.

Mwezi mzima ulikuwa umebaki. Ningemfuata Jang'ombe siku ile ile nikamwambia, Da, kosa ni langu, na bado lingepatikana la kufanya. Tungemwomba mwenye nyumba aongeze muda. Tungeuliza kuhusu miaka kumi na tano. Baba yako angetia mkono, nami ningetia wangu. Sikwenda. Nilisema nitakwenda Ijumaa, na Ijumaa ikafika nikasema Da anaumwa kichwa. Muda ukapita. Nyumba ikauzwa kwa mtu mwingine, arbuni ikapotea, na bangili zikapotea nayo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Da Zuwena alikuwa akiwaambia wateja wake, "Mdogo wangu anaisomesha kompyuta," na mimi nikajidanganya kwamba nanyamaza nisimvunjie fahari yake. Uongo. Fahari ilikuwa yangu. Mimi, mtu aliyekosa mama, akalelewa kwa cherahani, akafika mahali akawa anajua jambo wasilolijua wengine, nilishindwa kurudi kwa aliyenifikisha hapo nikasema sikujua. Niliona haya, na haya ikakaa, ikakaa, mpaka nikaizoea.

Na haikuishia kwangu. Yeye alikwenda kwa yule bwana wa dirishani akamkabili mbele za watu. "Mwogope Mungu!" alimwambia. "Mwanamke wa watu nsiye na mume, mwanichezea?" Bwana yule akamjibu kwa adabu, "Bi Zuwena, hesabu ni ile ile niliyokwambia." Mpaka leo wakikutana Darajani yule bwana humsalimia, naye huangalia pembeni. Dada yangu, ambaye kujibu salamu kwake ni deni, mwaka wa sita huu haijibu salamu ya mtu asiyemkosea. Na mimi nilikuwa nimesimama naye mara mbili yalipotokea hayo, nimeshika kikapu.

Ile nyumba ya Fuoni sikuwahi kuingia, lakini naijua. Nikisinzia mchana huwa najikuta uani kwake. Mapazia ni ya rangi ya bahari, ile uliyoichagua wewe. Cherahani iko dirishani, kitambaa kimelala juu yake, jua la asubuhi limeingia mpaka miguuni pa kiti. Hakuna mtu. Napita chumba kwa chumba naita, "Da? Da Zuwena?" na sauti yangu inarudi ya kitoto. Kisha ndege inapita juu ya paa, naamka, na yeye yuko Jang'ombe anahamisha cherahani kwa ajili ya mvua.

Wewe ukakikuta kikokotoo kwenye kompyuta yangu ulipokuwa unajifunza. Nilikuangalia ukikivunja na kukijenga upya, kizuri kuliko changu. Ulipowapelekea hao wa Nairobi ulinionesha kwanza. "Kipande hiki cha riba nimekiacha kama kilivyo, mama," ukanambia. "Wewe ulikiweka vizuri, hakina matata." Nikakupa hongera. Ilham, nilikupa hongera! Wiki iliyopita uliposema kwamba kazi yako ya kwanza itakuwa kukiweka mbele ya wateja wao, watu wa kweli, kila mmoja na bangili zake, niliingia bafuni nikafungulia maji ili usinisikie.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba ni mstari ule. Uutoe. Kisanduku kikiwa kitupu, kikokotoo kisimame, kiseme kwa upole kwamba hapa hapajajazwa. Mtu akiwa hana ziada yoyote, aiandike sifuri yake kwa mkono wake. Na jina la kisanduku libadilishe, liwe "riba au faida kwa mwaka", ajione kila mtu. Kabla hujawapa watu, mtafute mmoja asiyejua, fundi, muuza samaki, mkalishe mbele yake, ukae nyuma, ufunge mdomo, uangalie mikono yake inasita wapi. Nilikuwa na mtu kama huyo siku ile. Alisita, akaniuliza, na mimi sikuinua uso.

Makosa utafanya. Mimi sikutazamii usifanye, na wala usije ukanipigia simu ya kujisifu kwamba hufanyi, maana sitaamini. Ila ukiliona lako, mwambie uliyemkosea siku ile ile, hata kama hujapata maneno. Mimi nilikuwa na kazi ya dakika tano, na leo imenitoa kurasa hizi zote, na bado sijamwambia yeye. Nimekwambia wewe, mtoto, ambaye hukupoteza kitu. Naona sasa kwamba hata hapa natafuta njia nyepesi.

Naweka kalamu kidogo.

Nimerudi. Jua limeshatoka ukutani na wanaadhini Magharibi. Nimempelekea barua hii jikoni.

Sikuweza kusema, nikampa aisome. Alipangusa mikono, akaondoa karai motoni, akaomba miwani yake iliyokuwa juu ya jokofu. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Anasoma polepole, unamjua, kwa midomo. Mimi nilisimama mlangoni muda wote huo natazama visheti vilivyokwisha, vimepangwa kwenye sinia, na sikuota chochote. Nilikuwepo pale pale.

Alipomaliza alizikunja kurasa vizuri kama zilivyokuwa.

"Miaka yote hii," akasema, "namnunia yule bwana wa watu."

Nikasema, "Da, nisamehe. Bangili za mama..."

"Niache na bangili. Bangili zshakwenda." Akavua miwani. "Mie nlikuwa nkija kulia kwako, Rahma. Nlikuwa nkitoka Jang'ombe kwa miguu, nnakuja kulia kwako weye. Na weye wanpangusa machozi."

Aliinuka akazima jiko. Akavaa buibui lake, akanambia unga uliobaki niukaange mwenyewe, na nisiuache moto ukawa mkali. Mlangoni alisimama.

"Mtoto anajua?"

"Bado. Ndiyo barua yake hiyo."

"Mpe. Kesho ntakuja uwanjani. Ntakuja kwa ajili yake. Weye nipe muda, na usinulize muda gani."

Amekwenda zake. Nimemwangalia mpaka kona, hakugeuka. Nalia sasa, mwanangu, lakini si kilio kile cha bafuni.

Unga nimeshaukaanga, baadhi ya visheti vimeungua. Nasikia gari ya baba yako nje, kwa hiyo nakatiza. Kesho ukifika uwanjani utatukuta tumesimama mbalimbali, mimi na Mama yako Mkubwa, na sasa unajua kwa nini. Usinitetee kwake. Usimwambie mama analia. Usitusogeze pamoja kwa ajili ya picha. Mikono yako itakuwa na mizigo na utakuwa na haraka, na macho yako yatanitafuta mimi kwanza, kwa sababu ndivyo ulivyozoea. Nitakuwepo, wala sitakwenda popote.

Nenda kwake kwanza.

Mama yako,
Rahma